Mikono Yangu Nyuma ya Pazia

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na naishi Iftin, hapa Garissa mjini, katika chumba cha nyuma cha nyumba aliyotuachia mama. Kazi yangu ni kushona nguo za wanawake. Haya ninayowaeleza nimeyaandika kwa Kiswahili cha shuleni, tena kwa makusudi. Kwa Kisomali yangefika kwa ndugu zangu kabla sijamaliza kuyasema, na ndugu zangu wameshanisikiliza vya kutosha!

Jina langu silitaji. Mtaona huko mbele kwamba hata nikilitaja halitanisaidia kitu.

Sasa hivi ninapoandika, kinanda kinalia katika ukumbi wa harusi ulio mtaa wa pili kutoka hapa. Nyimbo zile nazijua. Vidole vinavyozipiga ni hivi hivi nilivyoshikia kalamu... Lakini mimi niko chumbani, mlango nimeufunga, na mikono yangu iko kule ikiwachezesha watu! Je, mnaweza kulielewa jambo kama hilo? Mimi mwenyewe kuna siku hunishinda.

Acha nianze mwanzo.

Mama yetu, hooyo kama tunavyosema sisi, alitokea Diff, kule mpakani. Ukame ulipomaliza ng'ombe alituleta Garissa sisi watoto watatu: kaka yangu, ambaye nitamwita Bashir, mimi, na mdogo wetu Ifrah. Katika vitu vya kule alikuja na kimoja tu cha maana, haan yake, chombo cha kusukia maziwa kilichosukwa kwa mizizi. Alikuwa akikiweka mapajani na kukitikisa huku na huku akiimba wimbo wa kusukia, taratibu, halafu katikati anasita. Anatega sikio asikie kama siagi imeshikana. Kisha anaendelea.

Ule wimbo ndio nilioutoa kwenye kinanda.

Kinanda kilikuwa cha Bashir. Yeye alikuwa anakodiwa kwenye harusi, na mchana akirudi na mirungi yake analala kama gogo. Mimi nikawa nachukua kinanda, naweka vile vya kusikilizia masikioni, najifunza. Hakuna aliyenifundisha. Hooyo alijua, na siku moja alichomoa ule waya wa masikioni mwenyewe ili asikie. Akasikia wimbo wake. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa shashi yake ya kichwani, akaniambia hata ile siagi ameisikia.

Sasa, kwa wasiozijua harusi zetu, nieleze kidogo. Sherehe ya wanawake ni ya wanawake watupu. Shungi zinavuliwa, nywele zinaachiwa, watu wanacheza watakavyo. Ngoma wanapiga wanawake. Buraanbur, yale mashairi yetu ya harusini, wanaimba wanawake. Lakini kinanda, hapana! Kinanda lazima akodiwe mwanamume. Na kwa kuwa mwanamume haruhusiwi kuona, anawekwa nyuma ya pazia zito, anaingia kwa mlango wa nyuma, na chai yake inasukumwa chini ya pazia kwa sinia.

Yaani wako tayari kusherehekea na mwanamume hatua chache kutoka kwao, wakichunga pazia lisipeperuke, kuliko kumkodi mwanamke wakapumua! Nani aliyeianzisha hesabu hiyo? Nimeuliza wazee, nimeuliza vijana. Kila mmoja ananiambia ndivyo ilivyo.

Basi Bashir akaanguka na bodaboda kwenye barabara ya Modogashe. Mkono wa kulia ulivunjika, ukaungwa, lakini vidole viwili vikabaki vikavu, havikunjiki. Kuna harusi aliyokuwa ameshakubali kupiga. Alikuja chumbani kwangu, kaka yangu mkubwa, akakaa sakafuni kama mtoto aliyechapwa.

"Walaal, ndugu yangu, nisaidie siku moja tu," akaniambia. "Mimi nitakaa pale. Wewe piga."

Ningemkatalia vipi? Niliingia na wanawake wengine nikiwa na buibui langu, nimebeba mfuko wa nyaya, nikapenya nyuma ya pazia. Yeye aliingia kwa nyuma. Nilipiga kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Na yeye, mnajua kazi yake ilikuwa nini? Kukohoa! Kila baada ya muda anatoa kikohozi kizito cha mwanamume, wale wa upande wa pili wajue mpigaji yupo na ni dume. Wakiomba sauti iongezwe, anajibu yeye.

Tulicheka sana tukirudi nyumbani. Wallahi tulicheka.

Siku moja ikawa miezi. Watu wakaanza kusema kwamba Bashir tangu avunjike mkono anapiga vizuri kuliko zamani, eti maumivu yamemfunza! Wakampa jina, Bashir Vidole. Mimi niliyasikia hayo nikiwa nimejikunja kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kitambaa, na nikafurahi. Nilifurahi kama mtu anayesifiwa mwanawe.

Kisha hooyo akaugua, na hakuchukua muda. Alizikwa siku ya Ijumaa. Haan yake niliitundika kwenye msumari chumbani kwangu, na hadi leo ipo hapo hapo.

Miezi michache baada ya mazishi, mama mmoja mfanyabiashara, nitamwita Mama Hibo, alifungua ukumbi mpya, mtaa wa pili kutoka kwetu. Ikasemekana anatafuta mpiga kinanda wa kudumu kwa sherehe za wanawake. Wa kudumu! Nilijiambia, haya, hii ni yangu. Hooyo hayupo, Bashir mkono hauponi, kwa nini nisiende kwa miguu yangu na kwa jina langu?

Nikaenda. Nilimkuta akisimamia fundi wa spika, mtu wa Mwingi, kwa hiyo wote tulizungumza Kiswahili. Nilimwamkia kwa heshima, nikamwambia napiga kinanda na nataka kazi ile. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Abaayo," akaniita dada, "mimi iko na wageni kubwa hapa. Wamama nataka mbigaji ya kweli, mwanaume. Wewe biga ngoma, imba buraanbur. Kinanda wachia wenyewe."

Yule fundi akainua kichwa. "Lakini mama, si sherehe ni ya wanawake pekee? Huyu hata pazia hamtahitaji!"

"Wewe funga waya yako," akamjibu.

Nilimwomba anisikilize tu, wimbo mmoja. Akasema hana muda wa kuchezewa vyombo vyake. Nikarudi nyumbani uso umewaka moto.

Nilimweleza Bashir. Nilidhani atakasirika kwa niaba yangu... Alitafuna mirungi yake, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba njia nimeikosea. Tuingie kwanza kwa jina lake. Nikishazoeleka, wageni wakishaupenda upigaji wangu, yeye mwenyewe atasimama mbele ya Mama Hibo aseme ukweli, na mama yule hatakuwa na la kujibu. Aliapa. Aliapa kwa jina la Mungu, wasomaji, huku amenishika mkono!

Siku ya majaribio Mama Hibo alikaa na wanawake wenzake upande ule wa pazia. Sisi tulikuwa huku. Kabla sijaanza niliona taa ndogo nyekundu inawaka kwenye kinanda. Nilijua ni ya kurekodi. Bashir alikuwa akiiwasha kila mara tangu tulipoanza, kwa maelezo kwamba anataka kunisikiliza baadaye ili mkono ukipona ajifunze upya. Mimi nilimwonea huruma kwa hilo.

Nikapiga wimbo wa hooyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nilipofika pale katikati, pale anaposita kusikiliza siagi, nilimwona. Sisemi ni mzimu, sisemi ni nini. Nilimwona ameinamisha kichwa kwenye haan. Nikasita zaidi ya inavyotakiwa, machozi yakanijaa, na kidole changu cha mwisho kikateleza kikagusa kitufe cha pembeni kabla ya kurudi mahali pake. Kosa dogo sana. Anayelijua ni mimi.

Upande wa pili walikuwa wanalia. Nilisikia kamasi zikivutwa! Kisha nikasikia sauti ya Mama Hibo, kwa Kisomali, akiwaambia wenzake, "Mmesikia? Mwanamke anaweza kupiga hivi?"

Bashir akakohoa.

Tulipata kazi. Yaani alipata. Nikapiga katika ukumbi ule harusi baada ya harusi, na kila wiki nikamkumbusha ahadi yake. Akasema tungoje Ramadhani ipite. Ikapita. Akasema tungoje Idi kubwa, wakati wa harusi nyingi, tusije tukaharibu. Zikaisha. Alianza kukaa mbali na mimi kule nyuma ya pazia, anatazama simu yake, na mara nyingine ananisahihisha! Mtu mwenye vidole vikavu ananiambia nimeharakisha.

Kisha ikaja siku nimevaa buibui langu, mfuko wa nyaya begani, akaniambia nibaki.

"Umechoka, walaal. Pumzika."

Nikamuuliza nani atapiga. Alichukua kinanda akaondoka nacho, na tangu siku hiyo hakikulala tena nyumbani kwetu.

Jioni yake nilikuwa naanua nguo uani nikasikia wimbo wa hooyo unatoka ukumbini. Nilidhani amepata mpigaji mwingine. Nikasimama na nguo mkononi. Ukafika katikati... ukasita, ukasita sana, na kidole kikateleza.

Yule alikuwa mimi. Ilikuwa siku ile ya majaribio, pumzi zile zile, machozi yale yale! Alikuwa amenihifadhi ndani ya kile kinanda, nyimbo zangu zote, na sasa anabonyeza kitufe tu.

Mtu akiibiwa kitu anapiga kelele ya mwizi. Mimi ningepiga kelele gani? Nimeibiwa jioni zangu? Nimeibiwa vidole, na vidole ninavyo?

Nilienda kwa Mama Hibo nikamweleza yote. Alisikiliza, akacheka, kisha akampigia simu Bashir mbele yangu. Sikusikia maneno ya kaka yangu, lakini nilimwona yule mama uso unabadilika, unakuwa wa huruma. Alipokata simu alinishika bega akaniita mwanangu. Akaniambia pole kwa kufiwa na mama. Akaniambia majonzi yakizidi humwingia mtu kichwani, na kwamba kaka yangu ananipenda sana...

Hivyo ndivyo Bashir alivyonimaliza. Aliwaambia watu wote kwamba tangu hooyo afariki nasikia vitu. Na uongo wake ulikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu kweli nilikuwa nasikia! Kila jioni nilikuwa nasikia! Shangazi wakaja, sheikh akaitwa, nikasomewa nikiwa nimefunikwa nguo nyeupe. Sikukataa, maneno ya Mungu ni dawa kwa kila mtu. Lakini siku ya tatu, sheikh akiwa katikati ya kisomo, kinanda kikaanza kule mtaani, nikapiga ukelele. Wote wakatazamana.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo kutoka Buna aliyekuwa ameleta posa yangu. Watu wake hawakurudi tena. Hata sababu hawakutoa.

Ndipo ikaja harusi ya Ifrah, mdogo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni.

Siku ya saba baada ya harusi tunafanya shaash saar. Wanawake hukusanyika, bibi harusi hukaa katikati kichwa wazi, na wakubwa humvisha shashi ya mke wa mtu. Ilifanywa kwa Mama Hibo. Ifrah aliniomba nije, nikae kimya, nisimtie aibu. Nilimwahidi. Nilikaa karibu na habaryar, mdogo wa hooyo, ambaye alinishika mkono muda wote kama anayemshika mgonjwa.

Uzuri wa siku ile siwezi kuueleza! Uvumba, vitambaa vya rangi, ngoma, wanawake wazima wanaruka kama wasichana. Habaryar akaimba buraanbur ya kumtaja marehemu dada yake. Kisha shashi ikainuliwa juu ya kichwa cha Ifrah, na kutoka nyuma ya pazia kikaja kile nilichokuwa nakiogopa. Wimbo wa hooyo.

Watu walilia. Ifrah alilia. Mwanamke mmoja akasema Mungu amhifadhi Bashir, amemleta mama yake harusini.

Nilimwinamia habaryar. Nikamwambia, sikiliza, hapa atasita, na baada ya hapo kidole kitateleza. Ukasita. Kikateleza.

"Umeona?" nikamwambia. "Ni mimi, habaryar! Ni mimi ninayepiga!"

"Mwombe Mungu, mwanangu," akasema, akanikaza mkono. "Usimharibie mdogo wako."

Nilinyamaza. Wasomaji, nilijitahidi kunyamaza! Lakini mle ndani ya wimbo kulikuwa na kilio changu mwenyewe, na mama yangu ameinama kwenye haan, na wote wanamshukuru yule... Ule wimbo ulipoanza tena kutoka mwanzo, nilijikuta nimesimama. Nilivuka katikati ya wachezaji. Nikalishika lile pazia kwa mikono miwili, nikalivuta kwa uzito wangu wote mpaka likaja chini na fimbo yake.

Bashir alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mkono mmoja ameshika kikombe cha chai. Mkono wa pili ameshika simu. Na kinanda mbele yake kilikuwa kinapiga, kinapiga chenyewe, wimbo wa mama yetu, bila mtu kukigusa!

Niligeuka niwaonyeshe. Tazameni mikono yake! Ndivyo nilivyopiga kelele. Tazameni mikono!

Hakuna aliyetazama.

Ukumbi mzima ulikuwa kelele. Mwanamume! Mwanamume! Waliokuwa na shungi walijifunika mpaka machoni, wasiokuwa na shungi walilala kifudifudi, wengine walivuta vitambaa vya meza. Wanawake wote wale, na hakukuwa na jicho moja lililo wazi. Shashi ya Ifrah ilianguka sakafuni. Mdogo wangu alikuwa amejifunika uso kwa viganja, nywele zake wazi mbele ya ukumbi mzima, analia ceeb, ceeb, aibu, aibu. Na wimbo ulikuwa unaendelea. Ukafika katikati, ukasita, na katika kimya kile kidogo nilisikia Bashir anaweka kikombe chini. Kisha akaweka mikono yake kwenye kinanda.

Walipofumbua macho, ndivyo walivyomkuta.

Nini kilifuata? Mnaweza kukisia. Niliambiwa nimewavua wanawake wa watu heshima yao. Na kweli niliwavua, sitabisha, sikuwawazia wale wanawake hata kidogo! Nilipelekwa nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na wengi walinisamehe kwa kuwa mgonjwa hana makosa. Ifrah hajanisamehe. Aliniambia jambo moja tu, kwamba siku moja maishani mwake nilimwacha wazi, kisha akanifungia mlango.

Bashir anapiga hadi leo. Pazia limeondolewa. Mama Hibo amejenga ukuta wa mbao, na kwa chini kuna kidirisha cha kupitishia sinia ya chai.

Hivi karibuni nilipata moyo, nikazunguka kumbi nyingine nikiomba kazi. Wote wananiuliza swali lile lile, eti mwanamke akipiga, nani atawavutia wageni? Mmoja alinishauri nisikilize namna Bashir Vidole anavyopiga, nijifunze kwake.

Wadogo zangu wa kike mnaosoma haya, nawasihi. Kama mna kazi ya mikono yenu, iwe ni kinanda, iwe ni kalamu, iwe ni chochote, msikubali kuingia kwa jina la mtu kwa ahadi kwamba mtatajwa baadaye! Semeni jina lenu siku ya kwanza, hata mkifukuzwa. Mimi nilifukuzwa mara moja nikaona ni aibu, nikatafuta mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ndio ulionizika nikiwa hai.

Na nyinyi akina mama mnaokodi wapigaji, nawaomba kitu kidogo tu. Kabla sherehe haijaanza, mkiwa bado mmejifunika vizuri, nendeni nyuma ya ule ukuta mwone ni nani anayepiga. Tazameni mikono.

Wamefika kwenye wimbo wa hooyo sasa, nausikia. Haan yake iko ukutani, haitikisiki. Nimeweka kalamu chini nikaichukua tena. Bado kidogo tu itafika pale katikati, na kama kila jioni, nitashika pumzi, nikiomba angalau leo kidole kisiteleze.